UZI: Hotuba ya Lincoln kwa watu wa Maryland, Oktoba 1864. Jimbo lilikuwa tiifu, watumwa wake wakabaki utumwani

Kalamu ya Mwanzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tukimtaja Abraham Lincoln wengi tunakimbilia Gettysburg na Tangazo la Ukombozi. Leo naomba tukae na hotuba fupi isiyosomwa sana, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe na kuitoa Ikulu ya Washington tarehe 19 Oktoba 1864. Wasikilizaji walikuwa wenyeji wa jimbo la Maryland waliokuwa wakiishi mji mkuu. Walimjia na muziki kumpongeza, kama desturi ya wakati ule ilivyokuwa, naye akatoka kuwasemesha. Sababu ya furaha yao ilikuwa katiba mpya ya jimbo iliyokuwa imepigiwa kura siku chache nyuma. Ndani yake utumwa ulifutwa.

Ili hotuba ieleweke, tazameni ramani kwanza. Maryland inaizunguka Washington pande tatu. Upande uliobaki ni mto Potomac, na ng'ambo ya mto ni Virginia, ambayo mwaka 1861 ilikwenda na waasi, yaani majimbo ya kusini yaliyojitenga na Muungano wa Marekani. Maryland nayo ingeondoka, serikali ya Muungano ingeamka asubuhi ikiwa imezingirwa. Na Maryland lilikuwa jimbo la watumwa. Sensa ya 1860 ilihesabu watu 687,049, kati yao watumwa 87,189. Weusi waliokuwa huru walikuwa 83,942, wengi kuliko jimbo lolote lingine la Marekani. Yaani kijiji kimoja kinaweza kuwa na mume huru na mke mtumwa, na watoto wote wakawa mali ya bwana aliyemmiliki mke huyo, kwa sababu mtoto alifuata hali ya mama.

Vita vilipoanza, damu ya kwanza kumwagika kwa mapigano ilimwagika Baltimore, mji mkubwa wa jimbo hilo. Tarehe 19 Aprili 1861 kikosi cha 6 cha Massachusetts kilikuwa kinapita kwenda kuilinda Washington. Treni za kutoka kaskazini ziliishia kituo cha President Street, na za kwenda Washington zilianzia Camden, kwa hiyo mabehewa yalifunguliwa na kuvutwa na farasi mmoja mmoja katikati ya mji. Mabehewa ya mbele yakapita. Kisha watu wakaziba reli, na askari waliobaki wakalazimika kushuka na kutembea kwa miguu Pratt Street huku mawe yakiwanyeshea, halafu risasi. Walikufa askari 4 na wananchi 12. Baada ya hapo madaraja ya reli yakachomwa ili wengine wasipite.

Jimbo halikuasi hata hivyo. Na hapa ndipo ninapotaka mpaangalie vizuri.

Tangazo la Ukombozi la 1 Januari 1863 liliwahusu watumwa wa maeneo yaliyoasi tu. Lincoln alilitoa kama amiri jeshi mkuu anayempokonya adui nguvu yake, na kwa mtazamo wake Katiba haikumpa mamlaka hayo dhidi ya raia watiifu. Matokeo yake, mtumwa wa shamba la muasi kule Virginia akawa huru kwa mujibu wa tangazo. Mwenzake wa ng'ambo ya mto, katika Maryland tiifu, akabaki mtumwa kwa sababu bwana wake hakuasi. Utii wa jimbo ukawa ndio ngao ya utumwa.

Maryland ingeweza kukaa hivyo hadi mwisho wa vita. Kilichotokea Oktoba 1864 ni kwamba jimbo lenyewe, kwa kura yake, liliuondoa utumwa. Ndiyo maana Lincoln aliwaambia wageni wake anawapongeza wao, na Maryland, na ulimwengu. Halafu akaongeza jambo zito: anasikitika halikutokea miaka miwili mapema, kwa kuwa taifa lingeokoa fedha nyingi kuliko hasara yote ambayo wenye watumwa wangeipata.

Miaka miwili mapema ni 1862. Mwaka ule aliyabembeleza majimbo ya mpakani, yaani yale yenye watumwa ambayo hayakuasi, yakubali kuwaacha watumwa huru polepole, serikali kuu iwalipe wenye watumwa. Alikaa akapiga hesabu katika barua ya Machi 1862: vita vinakula dola milioni 2 kwa siku. Kwa dola 400 kila mtu, gharama ya siku zisizofika 87 za vita ingetosha kulipia watumwa wote wa Delaware, Maryland, Washington, Kentucky na Missouri. Julai akawaita wabunge wa majimbo hayo Ikulu akawasihi. Wengi wao wakakataa.

Nusu ya pili ya hotuba nitaileta baadaye, ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu. Karibuni.

---

Kipepeo wa Uvinza

Nimeweka kiti hapa mkuu. Endelea, hii sikuijua kabisa, hasa hilo la utii kuwa ngao.

---

Mzee wa Kahama

Mwanzisha uzi, umeandika vizuri lakini umepita haraka mno kwenye "jimbo halikuasi hata hivyo". Halikuasi kwa hiari au kwa bunduki? Tuwe wakweli.

Mei 1861 Jenerali Butler wa jeshi la Muungano alipanda kilima cha Federal Hill na askari wake, mizinga ikaelekezwa Baltimore. Mwezi huo huo alikamatwa John Merryman, mkulima wa Maryland aliyehusishwa na uchomaji wa madaraja, akafungiwa ngome ya Fort McHenry. Jaji Mkuu Roger Taney akaamuru aletwe mahakamani ielezwe kosa lake. Jeshi likakataa. Taney akaandika uamuzi kwamba Rais hana mamlaka ya kusimamisha haki hiyo, mamlaka hayo ni ya Bunge. Lincoln akaendelea kama hakuusikia. Septemba wakakamatwa wabunge wa jimbo kabla hawajakaa kujadili kujitenga, na meya wa Baltimore naye akachukuliwa.

Na huyu mmoja msimsahau: Frank Key Howard, mhariri wa gazeti, alikamatwa Septemba ile ile akalala Fort McHenry. Babu yake ni Francis Scott Key, aliyeitazama ngome hiyo hiyo ikipigwa mabomu na Waingereza Septemba 1814 akaandika mashairi yaliyokuja kuwa wimbo wa taifa wa Marekani. Mjukuu akafungwa humo bila kushitakiwa.

Sasa utii wa namna hiyo una thamani gani, na uhuru anaouhubiri Lincoln ni upi?

---

Kalamu ya Mwanzi

Mzee wangu wa Kahama, shikamoo. Yote uliyosema yametokea na sitayapunguza hata moja. Kuwafunga watu bila mashitaka ni jambo zito, na mimi nasimama na wanaosema kukamatwa kwa wahariri hakukuwa na utetezi wa kutosha. Merryman namweka kando kidogo, maana madaraja yaliyochomwa yalikuwa kwenye njia ya reli ya kutoka kaskazini kuufikia mji mkuu uliokuwa karibu hauna askari.

Lakini swali lako la "uhuru upi" Lincoln alilijibu mwenyewe, na alilijibia Baltimore. Tarehe 18 Aprili 1864, miaka mitatu kasoro siku moja tangu siku ya Pratt Street, alialikwa kwenye maonyesho ya kuchangisha fedha za askari majeruhi. Akaanza kwa kuwakumbusha kwamba dunia inasonga: miaka mitatu iliyopita askari wale wale wasingeweza hata kupita katika mji huu, na leo watu wamekusanyika kuwahudumia. Kisha akasema wote wanautangaza uhuru, ila kwa wengine maana yake ni kila mtu kufanya apendavyo na nafsi yake na jasho lake, na kwa wengine ni baadhi ya watu kufanya wapendavyo na watu wengine na jasho la watu wengine. Akatoa mfano:

"Mchungaji anamfukuza mbwa mwitu kooni mwa kondoo. Kondoo anamshukuru mchungaji kuwa ni mkombozi wake, na mbwa mwitu, kwa tendo lilo hilo, anamlaani kuwa ni mharibifu wa uhuru, hasa kwa kuwa kondoo mwenyewe ni mweusi."

Siku chache kabla, tarehe 6 Aprili, wapiga kura wa Maryland walikuwa wameamua liitishwe bunge la katiba. Lincoln akasema watu wa Maryland wamefanya kazi ya kuueleza uhuru, na kamusi ya mbwa mwitu wameikataa.

Sasa mzee, mtazame huyo Jaji Mkuu Taney. Alizaliwa Maryland. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, ndiye aliyeandika kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Mtu huyu aliona wazi kabisa haki ya Merryman. Wale 87,189 hakuwaona. Sisemi kwamba uamuzi wake wa Merryman ulikuwa mbovu kisheria. Nasema aliyekuwa ameshikwa koo hakuwa Merryman peke yake.

Na katika hotuba ile ya Aprili kuna sehemu inayonikaa moyoni kuliko mfano wa kondoo. Habari za Fort Pillow, Tennessee, zilikuwa zimeanza kufika: tarehe 12 Aprili waasi waliwaua askari weusi wa Muungano, wengine wakiwa wamekwisha kujisalimisha. Lincoln akasema mbele ya watu kwamba uamuzi wa kuwaingiza weusi jeshini ni wake, na yeye ndiye atakayeujibu kwa watu wa Marekani, kwa Wakristo duniani, kwa historia, na katika hesabu yake ya mwisho kwa Mungu.

---

Wakili Msomi

Niongeze hesabu za kura, kwa sababu hapa ndipo hoja ya Mzee wa Kahama inapata nguvu na pia inapopungua.

Katiba mpya ilipigiwa kura tarehe 12 na 13 Oktoba 1864. Mpiga kura alitakiwa kula kiapo cha utii, na wasimamizi waliweza kumkataa aliyesaidia uasi. Pamoja na hayo, kura za nyumbani zilikwenda hivi: ndiyo 27,541, hapana 29,536. Yaani ilishindwa! Kilichoiokoa ni kura za askari wa Maryland zilizopigwa makambini: ndiyo 2,633, hapana 263. Jumla ndiyo 30,174, hapana 29,799. Tofauti ni kura 375.

Wapinzani wakaenda mahakamani kutaka kura za askari zitupwe. Mahakama ya Rufani ya jimbo ikakataa. Gavana Bradford akatangaza matokeo tarehe 29 Oktoba, na katiba ikaanza kutumika tarehe 1 Novemba. Kwa hiyo Lincoln alipokuwa anasoma hotuba yake tarehe 19, tangazo rasmi lilikuwa bado.

Jambo moja zaidi: Taney alifariki Washington tarehe 12 Oktoba 1864, siku ya kwanza ya kura hiyo ya jimbo lake.

---

Mzee wa Kahama

Marahaba mwanangu Kalamu. Wakili, hizo takwimu zimenipa kazi. Kura 375, na nyingi za askari walio chini ya makamanda wao. Bado nasema ni ushindi uliosukumwa. Lakini wakati huo huo nakiri kwamba weusi wa Maryland, watumwa na walio huru, hawakuruhusiwa kupiga hata kura moja. Wangepiga, isingekuwa 375.

---

Kipepeo wa Uvinza

Mzee hapo umenena. Swali kwa mwanzisha uzi: hao weusi wenyewe walikuwa wapi katika haya yote? Naona tunaongea habari za Lincoln na majaji na magavana tu.

---

Kalamu ya Mwanzi

Swali zuri sana ndugu Kipepeo, na jibu lake ni kwamba wao walianza kabla ya wote.

Aprili 1862 utumwa ulifutwa Washington. Kuanzia hapo mtumwa wa mashamba ya tumbaku ya kusini mwa Maryland alijua kwamba akitembea usiku mmoja au miwili anaweza kufika mahali ambapo hakuna watumwa. Wakatembea. Na Oktoba 1863 Wizara ya Vita ilipotoa amri ya kuandikisha watumwa jeshini katika Maryland, wengi walitoka mashambani wakaenda. Aliyejiandikisha alikuwa huru, na bwana wake, kama ni mtiifu, alilipwa hadi dola 300. Maryland ilitoa zaidi ya askari weusi 8,000. Shamba ambalo vijana wake wote wameondoka halina utumwa wa kutetea. Wale wajumbe wa bunge la katiba kule Annapolis walikuwa wanaandika kwenye karatasi jambo ambalo watu wa chini walikuwa wamelifanya kwa miguu yao.

Jimbo hili ndilo lililowazaa Harriet Tubman na Frederick Douglass, watumwa waliotoroka wakawa wapiganiaji wa uhuru wa wenzao. Douglass alitoroka Baltimore Septemba 1838. Alirudi Novemba 1864, mara tu katiba mpya ilipoanza kazi, akahutubia kanisa la Bethel la watu weusi. Dada yake Eliza alisafiri kuja kumwona. Walikuwa hawajaonana kwa miaka mingi.

Sasa niwape nusu ya pili ya ile hotuba.

Uchaguzi wa Rais ulikuwa tarehe 8 Novemba, wiki tatu zijazo. Mpinzani wa Lincoln alikuwa Jenerali McClellan. Uvumi ulikuwa umezagaa pande zote. Wengine walidai Seward, Waziri wa Mambo ya Nje wa Lincoln, amedokeza kwamba Lincoln akishindwa ataiharibu serikali kabla ya kukabidhi. Wengine walidai chama cha upinzani, kwa kuwa mkutano wao wa Chicago haukufungwa kabisa ila uliahirishwa tu, kinapanga kunyakua madaraka mara kikishinda. Lincoln akawaambia watu wa Maryland kwamba yeye anapigana kuidumisha serikali, si kuipindua. Akiwa hai, atabaki Rais hadi tarehe 4 Machi. Na yeyote atakayechaguliwa Novemba kwa mujibu wa Katiba, ataapishwa siku hiyo, na yeye Lincoln atafanya kila awezalo ili huyo atakayeshika usukani aanze safari na nafasi nzuri ya kuiokoa merikebu.

Halafu akasema hivi kuhusu wananchi: "Matakwa yao, yakitolewa kwa njia ya Katiba, ndiyo sheria ya mwisho kwa wote." Hata wakiamua kwa makusudi kupata amani ya haraka kwa kuipoteza nchi yao na uhuru wao, yeye haijui nguvu wala haki ya kuwapinga. Ni shauri lao, na watafanya wapendavyo na kilicho chao.

Wakuu, someni hilo tena mkikumbuka tarehe. Miezi miwili nyuma, 23 Agosti, aliandika karatasi kwamba inaelekea sana hatachaguliwa tena, akaikunja, akawataka mawaziri wake watie sahihi kwa nyuma bila kuisoma. Karatasi ile ilimfunga kushirikiana na atakayemshinda ili Muungano uokolewe kabla ya kuapishwa kwa mpya. Kwa hiyo maneno ya Oktoba hayakuwa ya kupendezesha wageni. Alikuwa amekwisha kujiapiza peke yake.

Kuandika kabla ya kusema nako kulikuwa na sababu. Usiku wa kuamkia hotuba ya Gettysburg watu walimwita awahutubie, akawajibu kwamba kwa nafasi aliyonayo ni muhimu asiseme upuuzi, akaingia ndani. Kila neno la Rais wakati wa vita lilipelekwa kwa telegrafu, yaani simu ya waya, na kuchapwa magazetini kesho yake. Kwa jambo kama hili, la nani atashika dola, hakutaka neno lake liachwe kwenye kumbukumbu ya mwandishi wa habari. Aliliandika.

---

Bint Makunduchi

Assalaam alaykum nyote. Nami nina la kuchangia kuhusu fidia, maana kwetu Zanzibar tuna historia yake.

Vita hivyo vya Marekani vilitufika hata huku. Kitambaa cha merikani, ambacho misafara ilikibeba hadi bara kununulia pembe, kilitoka viwanda vya Marekani. Vita vilipokatisha pamba, kikaadimika na wafanyabiashara wakageukia nguo za Uingereza na Bombay. Na wakati Maryland wanapiga kura, utumwa hapa chini ya Sayyid Majid ulikuwa umepamba moto kwenye mashamba ya karafuu.

Kwetu soko lilifungwa 1873, na amri ya kuondoa utumwa ikatoka 6 Aprili 1897. Lakini chini ya amri ile mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria waliachwa nje hadi 1909. Sasa nauliza, Maryland kulikuwa na fidia? Na baada ya tarehe 1 Novemba watu waliachwa kweli, au waliachwa karatasini?

---

Wakili Msomi

Waalaykum salaam dada yangu. Fidia kutoka jimboni haikuwepo, katiba ile ilikataza bunge la jimbo kulipa. Ama kuachwa kweli, hapo kuna habari chungu.

Sheria ya zamani iliruhusu mahakama za mayatima kumweka mtoto mweusi kwa bwana afundishwe kazi. Mara tu Novemba ilipoingia, waliokuwa wenye watumwa walijaa mahakamani na watoto wa watu, wakidai wazazi hawana uwezo wa kuwalea. Maelfu ya watoto wakafungwa hivyo kwa mabwana wale wale. Jenerali Lew Wallace, kamanda wa Baltimore, alitoa amri tarehe 9 Novemba kuwaweka walioachwa huru chini ya ulinzi wa jeshi, lakini mahakama ziliendelea.

Kesi iliyovunja mambo ni ya msichana Elizabeth Turner wa kaunti ya Talbot, ile ile alikozaliwa Douglass. Alifungwa kwa bwana wake wa zamani siku chache baada ya uhuru. Mkataba wa mtoto mzungu ulidai afundishwe kusoma na kuandika, wake haukudai. Mkataba wake ulimwita mali na ulimruhusu bwana kumhamishia kwa mtu mwingine. Oktoba 1867 Jaji Mkuu Salmon Chase, aliyekalia kiti cha Taney, alisikiliza shauri hilo Baltimore na kuamuru aachwe huru. Njia aliyoitumia kufika mahakamani ni ile ile ya Merryman: amri ya kumleta mfungwa mbele ya jaji.

---

Mzee wa Kahama

Hilo la mwisho Wakili limenigusa. Basi nilikuwa naitetea haki ile kwa mtu mmoja, kumbe ilikuja kumtoa huyu binti.

---

Kalamu ya Mwanzi

Asanteni wakuu. Nimalizie kwa swali la Bint Makunduchi kuhusu fidia, kwa sababu linarudi kwenye utii.

Mwaka 1867 walioshindwa 1864 walishika jimbo, wakaandika katiba nyingine, ambayo ndiyo inatumika Maryland hadi leo. Ilipoanza, ibara ya 24 ya tamko la haki ilisema utumwa hautarudishwa, lakini kwa kuwa ulifutwa chini ya sera na mamlaka ya Marekani, basi Marekani inadaiwa fidia. Wale wale waliokataa fedha mezani kwa Lincoln mwaka 1862 walileta ankara 1867. Hoja yao ilikuwa kwamba jimbo halikuasi, kwa hiyo mali yake haikupaswa kuguswa. Aliyelima tumbaku miaka arobaini bila ujira hakutajwa popote katika ankara hiyo, na mimi hili linanikasirisha hadi leo.

Hawakulipwa. Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yaliyopita 1868, yalisema katika kifungu cha 4 kwamba dai lolote la kupotea au kuachwa huru kwa mtumwa ni batili, liwe la muasi au la mtiifu. Maryland iliyakataa marekebisho hayo mwaka 1867, na haikuyaridhia hadi 1959.